Rangi Haizuii Maji



Mvua za masika zikiisha, maduka ya rangi ya mwambao huwa na neema. Kuanzia Mtwara hadi Tanga, Unguja na Pemba, na kule Mombasa na Malindi, mwezi wa Juni fundi rangi hapatikani kwa urahisi. Kuta zimevimba. Rangi imebanduka, na chini karibu na sakafu umejitokeza unga mweupe ambao ukiugusa unapukutika pamoja na lipu yake. Fundi anakuja na brashi ya waya, anakwangua, anapiga skimu mpya, anapaka rangi ambayo muuzaji ameapa kwamba haipitishi maji, anapokea chake na kwenda zake. Nyumba inapendeza kweli. Vuli ikifika, ukuta uko palepale.

Leo tulizungumze hilo, ila kwa upande wa majengo makubwa: fleti za kupanga na kununua, hoteli, ofisi, maghorofa ya maduka. Nyumba yako mwenyewe ukiikosea, umejikosea mwenyewe na utajisamehe. Jengo lenye familia 40 ni habari nyingine. Aliyekosea alishalipwa akaondoka, na wanaoishi na kosa lake ni watu ambao shimo la msingi hawakuwahi kuliona. Nami naamini, na nitajaribu kuwaonyesha, kwamba unyevu wa jengo la pwani huamuliwa mle shimoni, siku chache kabla ya zege kumwagwa. Pesa inayokuja kutumika ukutani baadaye ni faini tu.

Tuanze na udongo. Maji ya ardhini hayatulii yalipo. Tofali la saruji, zege na lipu vyote vina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na maji hupanda humo jinsi mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Hayangoji mvua ya siku hiyo. Ukuta usio na kizuizi yanaweza kuupanda mita 1 au zaidi. Yakifika usoni mwa ukuta, maji hukauka na kwenda na upepo, lakini chumvi iliyokuja nayo haina pa kwenda. Inabaki nyuma ya rangi, inaganda kuwa fuwele, fuwele zinakua na kusukuma, na rangi inaachia. Ule unga mweupe ndio huo.

Chumvi ina tabia nyingine: huvuta unyevu wa hewani. Kwa hiyo ukuta uliokwisha kulowa chumvi, hata ukiyaziba maji ya chini, siku ya fukuto utatoka jasho tena, mpaka lipu ile ibanduliwe yote, itupwe, na ipigwe nyingine. Kuupaka rangi isiyopitisha maji ni kuyafungia maji ndani. Yakikosa pa kutokea chini ya dirisha, yatapanda yatokee juu yake.

Kinga yake inajulikana na haina maajabu. Kabla ya kumwaga jamvi unatandika nailoni nzito, ile iitwayo gej 1000, yenye unene wa robo milimita. Vipande vinapishana vya kutosha na kugandishwa. Pembeni nailoni inapandishwa ikutane na mkanda wa kuzuia unyevu uliolazwa juu ya msingi, na mkanda huo uwe angalau milimita 150 juu ya ardhi ya nje. Ndivyo michoro inavyosema. Sasa nenda saiti siku ya kumwaga jamvi. Vijana wanakimbiza matoroli juu ya nailoni, nondo zinaburutwa, ncha za waya zimetazama chini, na chini yake kuna mawe yenye makali kwa sababu hakuna aliyekumbuka kutandaza mchanga laini kwanza. Jioni nailoni ipo, imetoboka kila mahali, na zege limeshaifunika. Mhandisi akiuliza ataambiwa imewekwa, na kweli imewekwa.

Lipo kosa jingine linalofanywa miaka mingi baadaye, tena na wasimamizi wa jengo wenyewe kwa nia njema kabisa. Jengo lilijengwa vizuri, mkanda uko mahali pake. Uwanja umeanza kutuamisha maji, kamati inakaa, inakubaliana kuweka pevingi. Kifusi kinamwagwa na kushindiliwa, mchanga unasawazishwa, pevingi zinapangwa, watu wanapiga picha. Hakuna aliyeona kwamba ardhi ya nje imepanda sentimita 20 na kuuvuka ule mkanda. Tangu siku hiyo maji yanaingia ukutani juu ya kizuizi, bila hata kukigusa. Au anatokea mpenda maua, anajenga kitalu cha tofali kikiegemea ukuta wa ghorofa ya chini, anajaza udongo wa mboji, anamwagilia asubuhi na jioni. Ndani, mpangaji anashangaa nguo za kabatini zimeota ukungu. Maua mimi nayapenda, lakini yapandwe mbali na ukuta.

Hayo ni ya juu. Shughuli yenyewe iko chini.

Kiwanja cha mjini ni ghali, na anayejenga Kariakoo au Upanga anataka kila mita ya mraba imlipe. Kwa hiyo anachimba. Besimenti ya magari, besimenti ya stoo, chumba cha jenereta, matangi. Katika sehemu nyingi za chini za Dar es Salaam maji ya ardhini hayako mbali, na si ya mvua peke yake. Sehemu kubwa ya jiji haina mabomba ya maji taka. Kila jengo lina shimo lake, na kinachoingia shimoni mchanga unakinywa. Mwenye kuchimba besimenti anachimba katikati ya yote hayo.

Maji yaliyotulia ardhini yana uzito, na uzito huo husukuma pande zote, hata kwenda juu. Kila mita 1 ya kina huongeza takriban tani 1 kwa kila mita ya mraba. Chukua besimenti yenye kina cha mita 4, na maji ya ardhini yawe mita 1 tu chini ya uso wa ardhi. Sakafu ya besimenti hiyo inasukumwa kutoka chini kwa tani 3 katika kila mita ya mraba. Chumba cha mita 10 kwa 10, hizo ni tani 300 zinazotaka kuinua sakafu. Ndiyo maana tangi la chini ya ardhi likiachwa tupu wakati wa masika linaweza kuibuka, na bwawa la kuogelea lililokaushwa kwa usafi katika mwezi mbaya hupasuka sakafu.

Kwa nguvu za namna hiyo, kitu kilichopakwa upande wa ndani kinasukumwa kiachie ukuta. Kilichobandikwa upande wa nje kinasukumwa kiushike ukuta zaidi. Karibu utaalamu wote wa kazi hii unazunguka hapo, na hapo ndipo mwenye fedha anapopenda kuruka, kwa sababu kazi ya nje inataka nafasi ya kusimama na siku za kusubiri.

Wahandisi wanaofuata kanuni za Uingereza, na kwetu ni wengi, wana hati iitwayo BS 8102 inayogawa kinga ya besimenti katika njia tatu. Ya kwanza ni kulivisha jengo gamba kwa nje: utando wa lami unaobandikwa kwa moto wa gesi, au shuka zenye udongo wa bentonaiti, ambao ukiguswa na maji unavimba na kuziba. Ya pili ni zege lenyewe kuwa kizuizi, kwa nondo za kutosha kubana nyufa na mchanganyiko wenye maji machache. Ya tatu inakubali tangu mwanzo kwamba maji yatapenya kidogo, ikayatengenezea njia: ukuta wa ndani wenye uwazi nyuma yake, mifereji sakafuni, kisima kidogo na pampu. Penye maji mengi, mhandisi mwenye busara huchanganya mbili, maana ikishindwa moja hana namna ya kurudi nyuma.

Na Kariakoo kweli hana namna. Majengo yamesimama mpaka kwa mpaka, ukuta wa huyu umegusana na ukuta wa yule. Huwezi kujenga ukuta kwanza, kisha uzunguke nje kubandika gamba. Gamba lazima litundikwe kwenye ukingo wa shimo mapema, halafu zege limwagwe kuliegemea. Ni nafasi moja. Nondo ikilichana usiku wa kusuka, au cheche ya mchomeleaji ikilitoboa, na asubuhi hakuna aliyepita na taa kulikagua, habari imekwisha. Baada ya hapo kinachobaki ni kuchoma sindano za kemikali ukutani kutoka ndani, ufa mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka.

Maji yenyewe ni nadra kupita katikati ya ukuta uliomwagwa vizuri. Yanapita kwenye maungio. Sakafu inamwagwa leo, ukuta wiki ijayo, na kati yao unabaki mshono. Hapo huwekwa ukanda wa mpira wa kuzuia maji, nusu umezama kwenye zege la sakafu, nusu umesimama ukingoja zege la ukuta. Ukipata ruhusa ya kuingia saiti, uangalie ukanda huo kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Mara nyingi utaukuta umelala, umekunjwa na nondo, umejaa vumbi la mbao, na pale vipande viwili vinapokutana vimefungwa kwa waya badala ya kuyeyushwa vikashikana. Fundi simlaumu sana. Hakuna aliyemwambia kwamba kipande kile cha mpira ndicho kinachobeba besimenti nzima.

Niliwahi kushushwa kwenye besimenti ya jengo moja la maduka ambalo sitalitaja. Kuta zilikuwa nyeupe, zimepakwa karibuni. Kuzunguka chumba chote, pale ukuta unapokutana na sakafu, ulipita mstari mwembamba wa maji, umenyooka kabisa, haukosi kona hata moja. Pampu ilikuwa inanguruma pembeni na kutema maji kwenye mtaro wa barabarani. Mlinzi akanieleza kwamba umeme ukikatika wanaanza kwa kupandisha marobota ya vitenge, halafu ndipo wanaulizana nani ana ufunguo wa jenereta. Alisimulia kwa utulivu, kama utaratibu wa kazi.

Sasa kuna jambo la pwani hasa. Maji ya ardhini yaliyo karibu na bahari hayakai kimo kimoja. Mvuvi yeyote pale Feri, Dar es Salaam, atakwambia maji ya bamvua ni lini na maji mafu ni lini. Katika mwambao wetu, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Kwenye ardhi ya mchanga au ya mawe ya matumbawe, ambayo ina matundu tele, kupanda na kushuka huko huingia nchi kavu, kukipungua kadiri unavyokwenda mbali na ufukwe. Fikiria mpima udongo amekuja Januari, kaskazi inavuma, jua linawaka. Anatoboa mashimo yake, anaandika kwamba maji yako mita 3 chini. Mchoraji anachora besimenti ya mita 2 na nusu, anatulia. Aprili inafika, mvua za masika na maji ya bamvua vinakutana wiki moja, na ile mita 3 haipo tena.

Hakuna aliyedanganya. Mpimaji aliandika alichokiona. Kosa ni kupima siku moja kitu kinachobadilika msimu mzima. Upimaji wa maana huacha mabomba ya kupimia ndani ya yale mashimo, na mtu akarudi kuyasoma vuli, kaskazi na masika. Mabomba hayo ni rahisi. Kinachogharimu ni kusubiri, na mwenye mkopo wa benki hapendi kusikia neno kusubiri.

Mpaka hapa nimesema juu ya maji. Maji matamu yataharibu rangi, kapeti na afya ya mtoto mwenye pumu. Maji ya chumvi yanaharibu jengo.

Nondo ndani ya zege zuri ina ulinzi wa ajabu. Zege ni kali mithili ya magadi, na katika ukali huo chuma hujivika utando mwembamba mno unaokizuia kushika kutu, miongo kwa miongo. Chumvi ya bahari ikishafika kwenye nondo kwa wingi, inautoboa utando huo. Kutu ikianza, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara 2 hadi 6. Zege lina nguvu za kubanwa, halina nguvu za kutanuliwa. Linapasuka kwa kufuata nondo, kisha linadondoka vipande. Pita ukingoni mwa bahari katika mji wowote wa pwani, tazama chini ya roshani za maghorofa ya zamani. Utaona nondo ziko nje, nyekundu, na chini yake watu wameanika nguo.

Chumvi hiyo ina njia tatu za kuingia. Inapanda kutoka ardhini. Inaletwa na upepo, hasa pepo za kusi zinaporusha ukungu wa mawimbi kwenye kuta zinazotazama bahari. Ya tatu tunaifungua wenyewe kwa kujengea mchanga wa ufukweni usiooshwa, au kuchanganyia zege maji ya kisima cha chumvi. Hapo adui amezaliwa ndani ya nyumba, na gamba la nje hata likiwa la bei gani halitasaidia.

Kinga ya kwanza dhidi ya chumvi ni umbali. Nondo ikae mbali na uso wa zege, sentimita 4 hadi 5 kwa jengo linalotazama bahari, wakati ndani ya jengo la bara hata 2 na nusu zingetosha. Kinachoshikilia umbali huo ni vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, vinavyofungwa kwenye nondo kabla ya kuta za mbao kufungwa. Biskuti zikisahauliwa, nondo inaegemea mbao. Ukibandua mbao unaiona kwa macho, mstari wa chuma umelala usoni mwa zege, na kijana ametumwa mbio na kapu la saruji aufunike kabla mhandisi hajapanda ngazi.

Niruhusuni nichepuke kidogo. Waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar walikuwa na mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Hawakuwa na nailoni wala lami ya kubandika, na hawakujaribu kuuzuia unyevu usiingie. Waliuacha uingie na wakaupa njia ya kutoka: lipu ya chokaa hupumua, na ikichoka inapigwa upya. Hata baraza ya nje, tunayoijua kwa kahawa na bao, inakinga tako la ukuta lisirushiwe maji ya mvua yanayopiga ardhi. Matatizo mengi ya kuta hizo yalianza tulipozipiga lipu ya saruji tukidhani tunaziimarisha. Unyevu ukakosa pa kutokea. Majengo hayo yanadai matunzo yasiyokatika. Beit el Ajaib, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, ilichakaa kwa miaka mingi, na Desemba 25, 2020 sehemu kubwa ya mbele yake ilianguka wakati ikikarabatiwa, watu wawili wakafariki. Ghorofa la zege ni kinyume chake. Halijui kupumua. Ama maji yazuiwe nje, ama yale chuma kilicho ndani.

Anayedhani haya ni mambo ya nchi zisizo na fedha asikilize habari ya Surfside, mji mdogo wa ufukweni karibu na Miami, Marekani. Jengo la fleti liitwalo Champlain Towers South, ghorofa 12, lilikamilika mwaka 1981. Mwaka 2018 mhandisi aliyeajiriwa na wamiliki aliandika ripoti kwamba tabaka la kuzuia maji kwenye uwanja wa bwawa la kuogelea, juu ya maegesho, limeshindwa kazi. Tena lilikuwa limelazwa juu ya slabu bapa isiyo na mteremko, kwa hiyo maji hayakuwa na pa kukimbilia. Yalikaa pale mpaka yakauke, na zege lililo chini likawa linaharibika. Wamiliki wakakaa vikao. Wengine walitaka kazi ianze, wengine waliona gharama ni kubwa mno. Kufikia Aprili 2021 walikuwa wanatakiwa kuchanga dola milioni 15. Usiku wa Juni 24 mwaka huohuo, saa saba na ushei, sehemu ya jengo ilianguka watu wakiwa usingizini. Walikufa 98.

Niwe mwadilifu: wachunguzi wa serikali ya Marekani wameonyesha kwamba uwanja ule wa bwawa ulikuwa dhaifu tangu kwenye michoro, haukufikia hata kanuni za wakati wake. Maji hayakuwa mkosaji pekee. Lakini jengo lenye udhaifu wa kuzaliwa ndilo lisilostahimili hata kidogo kuliwa na kutu. Mwaka uliofuata Florida ilipitisha sheria inayodai fleti za kumilikiwa za ghorofa 3 na kuendelea zikaguliwe zikifikisha miaka 30, na kila baada ya miaka 10, pamoja na mfuko wa akiba kwa ajili ya matengenezo makubwa.

Narudi kwetu. Tanzania Bara ina sheria ya umiliki wa sehemu za majengo tangu 2008, na Kenya iliandika upya ya kwake mwaka 2020. Chini ya sheria hizi unamiliki fleti yako, lakini msingi, kuta za nje, paa, besimenti na uwanja ni mali ya wote, chini ya umoja wa wamiliki unaokusanya michango. Kwenye karatasi mambo yamenyooka. Kwenye vikao ni mengine. Aliye ghorofa ya nane haoni kwa nini achangie unyevu wa aliye chini. Aliye chini haoni kwa nini achangie lifti. Michango inatosha kumlipa mlinzi, kufagia ngazi na kununua dizeli, na kila baada ya miaka michache, rangi. (Maji ya bafu la jirani wa juu sikuyagusa leo kwa makusudi. Hayo yana ugomvi wa kujaza kipindi kizima.)

Na ule wakati ambao mjenzi angeweza kubanwa ni mfupi mno. Mikataba yetu mingi ya ujenzi humpa mkandarasi miezi 6 au 12 ya kurekebisha kasoro kwa gharama zake. Jengo likikabidhiwa Juni, na mwaka ukatokea wa mvua haba, muda unaisha kabla maji ya ardhini hayajapanda hata mara moja hadi kimo chake cha kawaida. Mkandarasi anachukua salio lake kihalali. Kampuni zinazofanya kazi ya kuzuia maji zipo zinazotoa dhamana ya miaka 10 kwa gamba walilolibandika wenyewe, lakini dhamana hiyo kwa kawaida huandikwa kwa jina la mwendelezaji. Akishauza fleti ya mwisho na kufunga ofisi, karatasi inakufa naye. Wanunuzi wangeweza kudai ihamishiwe kwa umoja wao siku ya kusaini. Hawaidai, kwa sababu siku ya kusaini watu wanaangalia vigae vya jikoni.

Kwa hiyo wewe unayefikiria kununua fleti Msasani, Nyali au Fumba, au unayetaka kupanga ghorofa ya chini kwa ajili ya duka, nakuomba mambo machache. Usiende kuiona Januari. Nenda Aprili au Mei, ikiwezekana kesho yake baada ya mvua kubwa, na kabla hujapandishwa juu kuonyeshwa bahari, omba kushushwa chini. Angalia pale ukuta unapokutana na sakafu. Uliza pampu ni ngapi na ikiharibika moja inakuwaje. Omba vipimo vya maji ya ardhini na vilichukuliwa mwezi gani, picha za gamba na maungio kabla hayajafunikwa, na dhamana imeandikwa kwa jina la nani. Mjenzi aliyefanya kazi hiyo vizuri atafurahi kuulizwa, maana ilimgharimu na hakuna anayemuuliza. Mwingine atakwambia nyaraka hizo ziko kwa mkandarasi, na mkandarasi hapokei simu. Huyo muage kwa heshima, na hela yako iache ilipo.